Sofa Ambayo Hakuna Aliyeikalia

Mbele ya kibanda changu cha kunyolea pale Keroka, upande wa barabara ya kwenda Kisii, kuna benchi la mkaratusi lenye msumari katikati. Msumari huo umechana suruali za watu wengi wa heshima, na sijaung'oa kwa sababu mtu asipokuwa na kitu cha kuogopa atakaa hapo mpaka jua litue bila kunyoa. Mimi wananiita Wembe. Wateja wa benchi ni watatu, na kunyoa hawanyoi. Kuna Machogu, jina lake Jaji, aliyewahi kuitwa shahidi katika kesi ya mpaka wa shamba na mpaka leo hajashuka kizimbani. Kuna Obwocha, jina lake Stima, aliyefanya kazi Nairobi miezi michache akarudi na habari za taa za umeme. Na kuna Owino, seremala kutoka upande wa ziwa, tunayemwita Randa. Kahawa inatoka kwenye birika la Loice, anayeketi hapo ngazini na jiko lake. Jaji ni Msabato, kahawa hanywi, hupewa maji moto yenye maziwa, lakini lazima akae upande ule ambao mvuke wa birika unaelekea. Asubuhi ninayoisema, mwaka wa sabini na tatu, siku ya soko, tulikuwa na wivu mwingi hata msumari hatukuusikia.

Ilianza Alhamisi. Dalali kutoka Kisii alisimamisha gari lake, Pijo nyeupe, mbele yetu, akatoa karatasi, akasema anamtafuta Ondieki wa Mogaka. Huyo Ondieki, alisema, alichukua sofa seti kwenye duka moja la fanicha mjini kwa kulipa polepole, akalipa mwezi wa kwanza, kisha kimya. Sasa kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, kwa hiyo ukiita Ondieki wa Mogaka siku ya soko hujui ni wangapi watageuka. Lakini hatukufikiria hata kidogo. Vidole vinne vilinyooka kwa pamoja kuelekea kilimani, kwenye nyumba ya mabati mapya. Nani mwingine hapa angekalia sofa? Kijana yule alipata bonasi ya mwaka ya majani yake ya chai, akaezeka, akanunua ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, na mkewe Bonareri akaanza kutusalimia taratibu, kama mtu aliyeshiba. Dalali akapanda kule. Ondieki akasema deni hilo halijui. Dalali akamwambia atarudi siku ya soko: ama aonyeshwe sofa, ama apate mtu mzima wa hapa anayeijua nyumba ile kwa ndani, aape kwamba haipo. La sivyo atamchukua ng'ombe. Na bonasi yote ilikuwa imeishia kwenye mabati na ng'ombe huyo, maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha.

Basi siku ya soko ikafika, na sisi tukawa kazini mapema.

Stima: Sofa! Watu wanakalia sponji, na sisi hapa tunakalia msumari.

Jaji: Na si kiti moja. Dalali alisoma mwenyewe. Moja ya watu watatu, na mbili za mtu mmoja mmoja. Wewe Stima, una watu watatu wa kuketi pamoja na wewe?

Stima: Ningekuwa na sofa, wangekuja.

Mimi: Hii mambo imeharibu nyumba yangu. Tangu Alhamisi mke wangu Nyangate ananipikia chai ya rangi. Jana ameniuliza, "Na wewe, dalali wako atakuja lini? Wanaume wengine wanadaiwa. Wewe hata kudaiwa hudaiwi!"

Loice: Hapo amesema kweli. Hata mimi kahawa yako nakupa ukiwa umeshika senti mkononi.

Walicheka. Mimi sikucheka. Kuna uchungu wa kuwa na deni, na kuna uchungu wa kuangaliwa na mwenye duka kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akaamua huwezi kupewa hata deni. Ule wa pili ndio mbaya, na mimi naujua.

Stima: Unaongea mambo yako wewe? Mimi nilienda kuomba baiskeli. Baiskeli tu, bwana, si ndege! Wakaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema naijua Nairobi. Karani akacheka mpaka akashika meza. Halafu huyu mtoto wa kuchuma majani ameaminiwa sofa mzima, na sponji yake, na kitambaa yake. Roho yangu inauma. Si nitasema tu ukweli? Inauma.

Jaji: Usiumie. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Randa: Sasa hiyo inaingilia wapi?

Jaji: Inaingilia kwa sofa. Iko mvunguni.

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la Randa tangu afike. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anaangalia karakana yake ng'ambo ya barabara, na mimi nilijua donge lake liko wapi.

Randa: Nyinyi mnasikia uchungu ya kukaa. Mimi yangu ni ya kazi. Niko hapa Keroka miaka yote hii. Nina msumeno, nina randa, nina gundi. Mtu anapita mbele ya mlango wangu, ananisalimia, "Omera Owino, habari ya kazi," halafu anaenda kununua viti Kisii! Alipooa, stuli nani alimtengenezea? Si ni mimi? Kumbe alikuwa ananipima tu.

Stima: Alikupima akakuona mfupi.

Randa: Angalau angekuja kuniuliza bei. Ningemwambia siwezi sponji. Lakini angeuliza.

Jaji: Tuache machozi, tufike kwa ushahidi. Swali la kwanza ambalo korti inauliza: sofa iko wapi? Mimi nasema iko kwa ghala ya mahindi. Ghala yake nimeiona kutoka barabarani, imejaa mpaka mlango unavimba, na mwaka huu mahindi yake ililala na mvua ya mawe. Imejaa nini?

Loice: Imejaa mahindi ya dada yake kutoka Ekerenyo. Alileta kwa punda, watu wote waliona.

Jaji: Yaye! Mahindi juu, sofa chini. Haba na haba hujaza kibaba.

Stima: Mnacheza. Sofa haiko Keroka. Huyu mtu kila Jumanne yuko Nyakoe. Kila Jumanne! Amevaa suruali ile pana ya chini. Mwanaume hawezi kuvaa suruali pana bure. Ako na mwanamke Nyakoe, na sofa iko kwa huyo mwanamke, na Bonareri hajui. Yeye anakalia stuli, mwenzake ananesanesa.

Loice: Nyakoe anapeleka ndizi. Kuna soko.

Stima: Nairobi pia wanasemanga wanapeleka ndizi.

Hapo wivu ulibadilika rangi. Mwanzoni tuliona wivu wa viti, sasa tukaanza kuona wivu wa mwanamke wa Nyakoe, na hakuna hata mmoja wetu aliyemjua jina. Nami nikaona nisiachwe nyuma.

Mimi: Mmeangalia ile paa? Kwa nini imeinuliwa vile? Ondieki ni mtu mfupi. Nywele yake mimi nazinyoa bila kusimama. Mtu mfupi anataka nafasi yote hiyo juu ya nini? Nawaambia, amefunga sofa kwa kamba, anaivuta juu asubuhi kwa boriti, jioni anashusha. Anakaa na mke wake dakika chache wakisikiliza redio, wanakohoa kidogo kama wakubwa, halafu wanaivuta tena.

Randa: Boriti hiyo itabeba?

Mimi: Mbao yake nani alipasua?

Randa: Mimi.

Mimi: Basi itabeba.

Nilijiona nimeshinda. Lakini Jaji hakubali mtu mwingine afunge kesi. Aliweka kikombe chake cha maji chini, akapangusa mdomo, akashusha sauti.

Jaji: Chai yake ya huku chini, karibu na mto. Mmeiona?

Stima: Imestawi sana.

Jaji: Kwa nini imestawi? Kiangazi hii yote, ya kwangu imekauka, ya Wembe imekauka, ya kwake ni kijani. Nani anaweza kuniambia? Ameizika. Sponji, wazee! Sponji inashika maji. Mvua moja tu na mizizi inanyonya miezi sita. Huyu kijana hakununua sofa ya kukaa. Amenunua ya kulima!

Nakwambia, hiyo ilituingia. Stima aliinuka akachungulia mtoni. Mimi mwenyewe, na Mungu ananisikia, nilipiga hesabu ya sponji ngapi zingetosha shamba langu.

Wakati huo ndipo Ondieki alipotokea. Hakuwa na suruali pana. Alikuwa na gamubuti za shambani miguuni na macho ya mtu ambaye hajalala. Alisimama mbali kidogo kama inavyompasa, akatusalimia mmoja mmoja.

Ondieki: Tata Machogu. Tata Obwocha. Tata Wembe. Owino ndugu yangu. Dalali amefika sokoni, ameanza na deni za wengine. Baada ya hapo anakuja kwangu. Naomba mtu mmoja tu aseme kwangu hakuna sofa.

Jaji: Mwanangu, umeleta ombi ngumu. Wewe mwenyewe unajua.

Na kweli alijua. Sisi watatu ni baba zake kwa ukoo, na kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima ya tangu zamani, hata chai tukipelekewa tunanywea nje chini ya mgomba. Nyumba ile tumeila kwa macho tangu iezekwe, lakini kizingiti chake hakuna aliyekivuka.

Ondieki: Tata, hiyo duka mimi hata mlango yake siijui. Hiyo deni siijui. Nitalipaje kitu sijawahi kuona?

Stima: Wenye pesa wote wanasemanga hivyo. Ndio wanabaki na pesa.

Jaji: Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hiyo ni sheria. Sofa imesemwa. Kwa hivyo iko. Na kama haiko, iko njiani.

Ondieki: Ng'ombe ikienda, mtoto atakunywa nini?

Sisi tukaangalia barabara. Akamgeukia Randa, kwa sababu Randa si wa ukoo wetu na mwiko wetu haumhusu. Alimwangalia kwa muda. Randa aliinamia kikombe.

Randa: Uliza hao wa Kisii waliokuuzia.

Ondieki aligeuka. Akapanda kilima kwenda kukaa na ng'ombe wake. Nilimwangalia mgongo mpaka akafika juu, na nitasema ukweli: huruma ilinijia, lakini ilikuta wivu umeshakaa, na benchi la moyo wangu ni fupi.

Loice alitugawia kilichobaki kwenye birika, nusu kikombe kila mtu, Jaji maji yake, na hakutuangalia usoni. Tulikuwa bado tunabishana kama sponji inaoza au haiozi, ndipo tukamwona Bonareri anashuka. Mtoto mgongoni, stuli moja kichwani, stuli nyingine mkono wa kulia, na mkono wa kushoto kiti cha kamba ambacho upande mmoja kamba zimelegea. Watu wa soko walimpisha. Hakuja karibu na benchi. Mke wa mwana hawasogelei baba za mume wake, wala hawakazii macho. Alisimama upande wa jiko la Loice, akatua viti vyake pembeni mwa barabara, akavipangusa vumbi kwa ncha ya leso, kisha akasema na Loice, ingawa maneno yalikuwa yetu.

Bonareri: Loice, waambie wazee mwiko ni ya kuingia. Kuona si mwiko. Hawawezi kuingia kwangu, bono, sasa, nimewatolea nje. Hii ndiyo viti yote tuko nayo.

Loice: Wazee, mmesikia. Hii ndiyo viti yote wako nayo.

Jaji alijikuna shingo. Stima alivitazama vile viti kama mtu aliyealikwa karamu akaletewa maji. Nami pia nilivunjika moyo, kwa sababu mtu akizoea kumwonea mwenzake wivu hapendi kunyang'anywa.

Jaji: Mwambie hiyo ni ya kuonyesha. Mwizi hatoi nje alichoiba. Sofa ameiacha ndani.

Loice: Hiyo mimi siwezi kumwambia. Kama una mdomo, mwambie.

Jaji hakumwambia. Randa alikuwa ameshasimama. Alikwenda mpaka kwenye stuli ya kwanza, akaigeuza miguu juu, akapitisha kidole gumba kwenye mguu mmoja uliokuwa na mbao ya rangi tofauti.

Randa: Hii mguu ilivunjika. Nimeirudia mimi.

Bonareri: Loice, mwambie ni kweli. Ilivunjika nikiwa na mimba, nikaanguka.

Randa hakungoja Loice. Aliketi juu ya ile stuli, hapo hapo barabarani, mgongo wake kwetu. Mguu haukulia. Akakaa hivyo mpaka Pijo nyeupe ikafika.

Dalali alishuka na mtu wake aliyeviringisha kamba begani. Alikuwa mtu wa haraka, kofia mkononi, jasho shingoni. Aliangalia viti, akaangalia benchi.

Dalali: Wazee, sina siku nzima. Kuna mtu anaijua hiyo nyumba ndani? Mimi nikisema sikuona sofa, wenye duka watasema nimepewa kitu. Nataka mtu ya hapa. Kama hakuna, napanda na kamba.

Nilimwangalia Jaji, Jaji akamwangalia Stima, na Stima akaangalia waya za simu kana kwamba zimeanza kuleta stima.

Randa: Iko mtu.

Dalali: Wewe?

Randa: Owino, seremala. Mwezi jana nilienda kwake kurekebisha kitanda. Tulikula ugali na mboga. Nilikula nikiwa nimekalia hii. Yeye mwenyewe alikalia ile ya kamba, na mama alikaa chini kwa mkeka na mtoto, kwa sababu stuli ya pili ilikuwa na sufuria. Hakuna sofa pale. Hapakuwa na sofa. Naapa.

Dalali: Mwezi jana? Karatasi yangu inasema sofa ilitoka dukani tangu mwaka jana.

Randa: Basi haikufika kwake.

Dalali: Na Alhamisi si ulikuwa hapo kwa benchi? Kwa nini hukusema?

Randa aligeuza kofia yake. Nilidhani atasema hakuulizwa. Aliinamia ile stuli, akaifuta vumbi. Dalali aliandika jina lake, akaita mtu wake arudishe kamba kwenye gari.

Dalali: Mama, ng'ombe wako abaki. Huyu si Ondieki wangu. Nitaanza upya kumtafuta.

Pijo ikageuza, ikatupulizia moshi, ikaondoka. Bonareri alishusha pumzi mpaka mtoto mgongoni akaamka. Alivuta leso, akajifunga upya. Randa alimbebea ile stuli ya mguu uliorudiwa na kile kiti cha kamba, akatangulia kupanda kilima bila kutuaga. Bonareri aliinua stuli iliyobaki, akaiweka kichwani, akapiga hatua moja, kisha akasimama. Hakugeuka kutuangalia. Alimgeukia Loice.

Bonareri: Loice, niulizie wazee neno moja. Kina Ondieki wa Mogaka wako wengi hapa. Dalali alipouliza Alhamisi, kwa nini walimwonyesha kwangu?

Loice akaweka chini kitambaa cha kufutia vikombe. Yeye huyarudia maneno ya watu kwa haraka, lakini haya aliyarudia taratibu.

Loice: Anauliza, kina Ondieki wako wengi. Kwa nini mlimwonyesha kwake?

Jaji alitafuta methali. Nilimwona akiitafuta, midomo inacheza, na haikuja. Stima alijisogeza akaukalia msumari, wala hakuruka. Kilimani mabati yalikuwa yanawaka jua, na chini yake ng'ombe analia kwa kutaka kukamuliwa. Bonareri alingoja. Nasi tukainua vikombe vyetu, wote watatu, tukanywa, tukainua tena, tukanywa.

Loice: Mnakunywa nini? Hata kabla dalali hajafika, vikombe vilikuwa vitupu.